Safu ya ushauri: Katapila la zamani linanigomea katika baridi ya Minnesota

Shikamoo, Mzee.

Mimi ni fundi mitambo wa umri wa miaka 34, mzaliwa wa Makete, mkoani Njombe. Nilijifunza ufundi wa mitambo mizito VETA, kisha nikafanya kazi kwa miaka saba na wakandarasi wa barabara za Nyanda za Juu Kusini, nikihudumia magreda, makatapila na vijiko. Tangu Aprili mwaka jana ninaishi na mke wangu kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, na nimeajiriwa katika machimbo madogo ya kokoto ya mzee mmoja aliyepita umri wa miaka 70. Ninakuandikia kwa sababu mambo yaliyonipata tangu Desemba yamenifanya niutilie shaka ufundi wangu, na hapa sina mtu wa kumwuliza kwa lugha yangu.

Mashine inayonisumbua ni katapila aina ya Caterpillar D7 la miaka ya 1950, ambalo baba yake mzee huyu alilinunua likiwa bado jipya. Injini yake kubwa ni ya dizeli, ya silinda nne, na haina stata ya umeme. Ubavuni imefungwa injini ndogo ya petroli ya silinda mbili, ambayo huwashwa kwanza, kisha ndiyo inayoizungusha ile kubwa. Wakati wa kiangazi nililielewa upesi na likaniheshimu. Mzee alinionyesha mara moja tu mpangilio wa nyenzo, kwa sababu magoti yake hayamruhusu tena kupanda juu, na kuanzia siku hiyo nikawa ninaliwasha peke yangu bila shida.

Kwetu Makete mwezi wa Julai sakitu hulala juu ya majani ya viazi, kwa hiyo nilidhani ninaijua baridi. Sikuijua. Asubuhi ya kwanza ya nyuzi 30 chini ya sifuri injini kubwa ilikohoa mara mbili ikazima, na nilipofungua chujio la dizeli nikakuta ute mweupe kama mafuta ya nazi yaliyoganda. Nilimimina tangini dawa ya kuzuia dizeli isigande, nikangoja saa mbili, na hapakuwa na mabadiliko yoyote. Dizeli hiyo ilikuwa imekaa katika tangi la uwanjani tangu Agosti.

Wiki iliyofuata injini ndogo nayo ikagoma. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili niliona oili imepanda kupita alama ya juu, nyepesi, na inanuka petroli. Niliibadilisha, ikawaka, lakini iliizungusha injini kubwa polepole mno, kama mtu anayesonga ugali wa watu mia. Oili ya injini kubwa ni SAE 30, kama ilivyoandikwa kwenye kibati. Hapo ndipo nilipofanya jambo linaloninyima usingizi: huku injini ndogo ikiendelea kuzunguka, nilipuliza etha ya kuwashia kwenye mdomo wa hewa wa injini kubwa. Kulitokea kishindo kimoja kikali, kama nyundo kubwa juu ya fuawe, kisha injini ikawaka. Tangu siku hiyo inatoa moshi mweupe kwa muda wa dakika kumi hivi kila inapowashwa, halafu moshi unakatika. Nguvu sijaona kama zimepungua. Chini ya kifuniko cha kujazia oili pana utando mweupe kama krimu, ingawa oili ya kwenye kijiti ni nyeusi na safi.

Juzi nimekuta betri ya injini ndogo imevimba ubavuni, na ninataka kuiweka kwenye chaja. Aidha, ncha za vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto ziligeuka nyeupe na kufa ganzi nilipokuwa nikibadilisha chujio. Nilizipasha moto kwenye hita ya gari, na sasa ngozi inabanduka. Bosi sijamwambia.

Yeye si mtu mbaya, ananilipa kwa haki na kwa wakati. Hata hivyo wateja wake huja kuchukua mchanga wa kumwaga barabarani kila theluji inapoanguka, na bila katapila kusafisha njia malori hayaingii. Mwenzangu mmoja kazini husema mbele yake kwamba watu wa nchi za joto hawataiweza kazi hii. Ninaomba unieleze: je, nimeiua injini ya baba yake? Katapila kama hili, linalolala nje bila banda, huandaliwaje? Na nitamwambiaje mzee huyu kwamba ziko asubuhi ambazo halifai kuwashwa, bila kuonekana mvivu?

Kijana wa Makete

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho, kwenye vidole. Mimi nimetengeneza mitambo katika baridi ya Amerika ya Kaskazini kwa miaka mingi, na kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia mpaka leo hakijui tofauti ya bolti na msumari, kwa sababu siku moja ya ujana wangu nilimaliza kwanza kazi ndipo nikautazama mkono. Kidole kilichogeuka cheupe na kufa ganzi hakisuguliwi, wala hakisogezwi kwenye hita au moto, kwa kuwa hakiwezi kukuambia kwamba kinaungua. Kinatiwa katika maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 37 na 39, mahali ambapo una hakika hakitaganda tena siku hiyo. Ngozi ikibanduka au malengelenge yakitokea, ni kazi ya daktari, kwa hiyo nenda wiki hii. Mwambie bosi wako pia, na usichelewe, kwani sheria ya Minnesota inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini, nawe huna sababu ya kulificha jeraha ambalo bima hiyo iliwekwa kwa ajili yake.

Jambo moja ambalo mafundi waliotoka kwenye joto hawaambiwi ni kwamba petroli na dizeli ni hatari zaidi kwa mkono kuliko theluji yenyewe. Petroli haigandi katika baridi ya huko, kwa hiyo inayokumwagikia ina ubaridi uleule wa hewa, nyuzi 30 chini ya sifuri, na inapogeuka mvuke juu ya ngozi inaondoka na joto lako. Ninaamini vidole vyako viliganda kwa dizeli iliyotoka ndani ya lile chujio kuliko kwa upepo. Vaa glovu za mpira zisizopenya mafuta juu ya glovu nyembamba za sufu, weka jozi mbili za akiba ndani ya koti karibu na mwili, na iliyolowa uivue palepale. Spana nazo zilale ndani ya nyumba, kwa sababu chuma kilicholala nje hung'ang'ania ngozi tupu.

Sasa tuje kwenye injini. Siwezi kuitibu kwa barua, lakini dalili ulizonieleza hazinitishi sana. Moshi mweupe wakati wa kuwasha ni dizeli ambayo haijaungua, na injini ya umri huo, katika baridi hiyo, itautoa mpaka kuta za silinda zipate joto, hata kama haijawahi kunusa etha. La kuangalia ni kama moshi unakatika kabisa, na umesema unakatika. Krimu iliyo chini ya kifuniko, huku oili ya kwenye kijiti ikiwa safi, kwa kawaida ni mvuke wa ndani ya injini uliogota kwenye bati baridi ukachanganyika na oili. Maji ya rejeta yanapoingia kwenye oili huonekana mpaka kwenye kijiti, nayo kulanti, yaani hayo maji ya rejeta yenye dawa, hupungua. Pima kulanti kila jioni kwa wiki moja na uandike.

Etha ni hatari katika mashine hiyo kwa sababu ya jinsi ilivyobuniwa. Moshi wa injini ndogo umepitishwa makusudi kwenye njia ya hewa ya injini kubwa ili kuipasha joto, maana yake ulipuliza mvuke unaowaka upesi kuliko petroli kwenye njia iliyokwisha kupata moto. Etha hailingoji pistoni lifike juu ndipo iwake, na kile kishindo kilikuwa pistoni likipigwa likiwa bado linapanda. Kipigo cha namna hiyo huvunja ringi na kupasua kuta za mifereji zinamokaa. Ili ujue kama limetokea, iwashe injini mpaka ipate joto kamili, iache ikizunguka taratibu, kisha legeza nati ya bomba la dizeli linaloingia kwenye nozeli ya silinda ya kwanza, uisikilize, uikaze, na uende kwenye silinda inayofuata mpaka zote nne. Silinda nzima ukiikatia dizeli injini hudhoofika na mlio hubadilika. Ile ambayo ukiikatia hakuna kinachobadilika ndiyo mgonjwa. Fungua pia mdomo wa kujazia oili injini ikiwa ya moto, utazame kama moshi unatoka kwa vishindo vyenye mapigo. Ukikuta silinda zote nne zinafanya kazi sawasawa na mdomo wa oili unapumua kwa utulivu, basi umesamehewa. Kopo la etha lirudishe dukani, au mpe mtu mwenye injini isiyokuwa na kitu chochote cha kupasha hewa.

Nimekuja polepole kwenye swali lako la pili kwa makusudi, kwa sababu ndilo ninalotaka ulitafakari. Katika barua yako yote, kila jambo ulilolifanya ulilifanya asubuhi. Chujio asubuhi, dawa asubuhi, oili asubuhi, etha asubuhi. Katika baridi kali asubuhi ni wakati wa kuvuna kilichofanywa jana yake, na mengine yalitakiwa kufanywa mwezi wa Oktoba. Fundi anayeanza kazi saa kumi na mbili alfajiri akiwa mbele ya chuma cha nyuzi 30 chini ya sifuri hana kifaa chochote cha kumsaidia isipokuwa nguvu, na nguvu ndiyo inayovunja vitu.

Tuanze na dizeli. Ndani ya dizeli ya kawaida, ambayo huko huitwa namba 2, mna nta iliyoyeyuka. Ikifika nyuzi kama 8 au 10 chini ya sifuri nta hiyo huanza kuonekana kama ukungu, na baridi ikiendelea hushikana na kuziba chujio, ingawa tangini mafuta bado yanatikisika. Tena dizeli yako ilikuwa ya Agosti, na katika Minnesota sheria inataka dizeli ya miezi ya joto ichanganywe na asilimia 20 ya dizeli ya mimea, inayotokana kwa sehemu kubwa na soya, wakati ile ya majira ya baridi huchanganywa asilimia 5. Dizeli ya mimea huganda mapema zaidi. Kwa hiyo hukuwa na dizeli mbovu, ila ulikuwa na dizeli ya majira mengine. Dawa uliyomimina huzuia chembe za nta zisishikane, lakini haiyeyushi nta iliyokwisha kuganda, na ndiyo maana hutiwa wakati mafuta bado yana joto, kabla ya kujaza tangi, ili ichanganyike.

Mwombe bosi wako anunue dizeli namba 1, ambayo inakaribia mafuta ya taa na hustahimili mpaka karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika wiki za kawaida changanya nusu kwa nusu, na baridi kali ikitangazwa tumia namba 1 tupu. Nguvu zake ni ndogo kidogo na hailainishi pampu vizuri, kwa hiyo tia dawa ya kulainisha. Tangi lijazwe jioni, mashine ingali na joto, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ya kugota na kuwa maji. Maji yaliyotua chini uyatoe kabla hayajaganda ndani ya koki. Machujio mawili mapya yakae ndani ya nyumba, na unapofunga moja lijaze namba 1. Kuna mafundi huko kwetu, na nimewaona hata Amerika, wanaowasha matambara chini ya tangi lililoganda. Nakuomba kwa heshima ya mama yako usifanye hivyo hata siku moja.

Oili nayo. Herufi W unayoiona kwenye kopo inasimamia majira ya baridi, na SAE 30 tupu haina herufi hiyo kwa sababu haikukusudiwa kutiririka katika baridi ya namna hiyo. Ule ugali wa watu mia uliouona ndiyo hiyo. Vitabu vya zamani vya mashine hizi vyenyewe vinataja oili nyepesi zaidi kwa majira ya baridi, ila kibati hakina nafasi ya kuyaandika yote. Mimi ningetia oili ya dizeli ya sintetiki ya 5W-40, na kama bosi anataka lifanye kazi hata zinapopita nyuzi 30 chini ya sifuri, 0W-40. Mfahamishe kabla kwamba sili kuukuu huenda zikavuja kidogo zaidi, na kwamba oili mpya itang'oa uchafu wa miaka mingi, kwa hiyo chujio la oili libadilishwe tena baada ya saa kama 50 za kazi.

Kulanti ipime kwa kifaa cha kutazamia matone, usiitathmini kwa rangi. Nusu kwa nusu ya glaikoli, yaani dawa ya kuzuia maji yasigande, na maji hulinda mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Eneo hilo unaloishi ndilo lenye mji wa Tower, ambako tarehe 2 Februari 1996 ilipimwa baridi ya nyuzi 51 chini ya sifuri, kali kuliko zote zilizowahi kurekodiwa katika jimbo hilo. Kwa hiyo tumia sehemu sita za glaikoli kwa nne za maji. Usije ukafikiri kwamba glaikoli tupu italinda zaidi, kwani ikiwa tupu huganda kwenye nyuzi 13 tu chini ya sifuri. Maji ndiyo yanayoikamilisha.

Betri iliyovimba usiiweke kwenye chaja. Imeganda. Betri iliyojaa chaji haigandi hata katika baridi yenu, lakini iliyoisha huganda kwenye nyuzi 8 hivi chini ya sifuri, na ukiipeleka chaji ikiwa na barafu ndani inaweza kukulipukia usoni pamoja na tindikali yake. Hiyo ipelekwe mahali pa kukusanyia betri chakavu. Mpya ifungue kila jioni uingie nayo ndani, kwa kuwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hata betri nzima hutoa chini ya nusu ya nguvu zake za kiangazi.

Nimefika kwenye injini ndogo, ambayo mimi huiita injini mtoto, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ninaipenda. Petroli iliyoingia kwenye oili yake ilitoka kwenye karabureta. Tangi lake liko juu, petroli inashuka yenyewe, na sindano ya karabureta ya umri huo haifungi tena sawasawa, hivyo usiku kucha inadondoka mpaka kwenye oili. Kila unapomaliza kuiwasha injini kubwa, usimzime mtoto kwa swichi. Funga koki ya petroli umwache azunguke mpaka ajimalize mwenyewe, karabureta ikauke. Na kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, chomoa kijiti chake unuse.

Waliobuni mtambo huu hawakumweka mtoto ili azungushe tu. Maji yake na ya injini kubwa ni mamoja, na moshi wake unapasha njia ya hewa, kwa hiyo yeye ni jiko pia. Kosa la watu wengi ni kumwona kama stata. Mwashe, umwache apate joto bila kumbebesha mzigo. Klachi kubwa iwe imeachiwa na gia ziwe huru, ili usivute oili ya giaboksi ambayo saa hiyo ni nzito kama lami. Kisha ingiza gia ya kuwashia, nyenzo ya mgandamizo (ile inayoamua kama hewa ibanwe ndani ya silinda au iachiliwe) ikiwa katika hali ya kuachilia na dizeli ikiwa imefungwa, umwache aizungushe injini kubwa ikiwa nyepesi. Wengi hapa wanangoja dakika moja. Mimi sihesabu dakika. Natazama geji ya oili mpaka ipande, kisha naigusa bloku, yaani mwili wa injini, kwa nyuma ya mkono, na kama bado ni ya baridi kali naendelea kungoja. Ndipo unaposogeza nyenzo ili mgandamizo urudi. Mtoto atalemewa, mlio wake utashuka, nawe mwache afanye kazi hiyo muda mrefu, kwa sababu hewa inayobanwa ndani ya silinda ndiyo inayozipasha. Dizeli fungua mwisho kabisa. Nikiwa na subira hiyo sijawahi kuihitaji etha kwenye mashine ya namna yako.

Msaidie mtoto kwa kupasha kutoka nje. Kama umeme unafika uwanjani, fungeni hita ya kupasha kulanti, na hita ya sumaku inayobandikwa chini ya bakuli la oili, ziwashwe saa kadhaa kabla. Umeme usipofika, funika injini yote kwa turubai zito linalogusa ardhi na upulize hewa ya moto kwa hita ya dizeli yenye feni, iliyowekwa nje ya turubai, mtu akiwa amesimama karibu na kizima moto. Usiingie chini ya turubai hilo hita au injini ikifanya kazi, wala usimwashe mtoto ndani ya banda lililofungwa, kwa maana gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na haikupi nafasi ya kushtuka.

Katapila likishawaka, usilikimbize. Liache lipate joto kwa mwendo wa wastani, ziba nusu ya uso wa rejeta kwa kadibodi, kisha ingiza klachi gia zikiwa huru ili oili ya giaboksi izunguke. Blade inyanyue na kuishusha polepole mara nyingi kabla ya kusukuma chochote, kwa sababu mipira ya haidroliki hupasuka ikikunjwa ikiwa migumu. Chuma kilichopoa hivyo hakipindi, kinakatika, kwa hiyo bolti ya cheni iliyogoma usiipige nyundo. Ipashe kwanza. Jioni safisha tope na theluji kwenye cheni, uliegeshe juu ya mbao nene, vinginevyo asubuhi utalikuta limeshikana na ardhi na utavunja kitu katika kulibandua.

Kuhusu bosi wako, sidhani kama unahitaji maneno makubwa. Mtu aliyelihifadhi katapila la baba yake kwa miaka yote hiyo analipenda, nawe zungumza naye kupitia pendo hilo. Mwambie wazi ulichokifanya kwa etha, kabla hajakisikia kwa yule mwenzako. Mpelekee karatasi moja yenye mambo ya kununua: dizeli namba 1, oili, betri, hita, turubai. Pendekezeni pamoja kiwango cha baridi ambacho kikifika katapila haliwashwi bila kupashwa tangu usiku. Mimi ningesema nyuzi 25 chini ya sifuri, ambazo kwa vipimo vyao vya Farenhaiti ni 13 chini ya sifuri. Yeye atafute mtu mwenye lori la kusukuma theluji kwa asubuhi kama hizo, na gharama yake alinganishe na bei ya kufungua injini ambayo vipuri vyake si rahisi kupatikana. Kuhusu maneno ya mwenzako, usiyajibu. Hakuna mtu aliyezaliwa akijua dizeli ina nta.

Kisha mwombe mzee jambo moja. Asubuhi ya kwanza ya maandalizi mapya, aje akae ndani ya gari lake karibu na katapila, kioo akiwa amekishusha kidogo, magoti yake yakiwa kwenye joto. Alikua akiisikia injini hiyo ikiwashwa na baba yake, na sikio lake linajua ni wakati gani mtoto amelemewa vya kutosha na dizeli inaweza kufunguliwa. Mwambie akupungie mkono wakati huo ukifika, nawe utazame geji inasoma ngapi na bloku ina joto gani, uyaandike yote mawili kwenye daftari. Na ukishajaribu zile nati nne za nozeli, niandikie umekuta nini kwenye kila silinda.